King'ora Kilichozimwa kwa Makofi

"Mama! Mama, masizi!"

Binti ndiye aliyeona kwanza. Alikuwa amesimama uani na kikapu cha vibanio kiunoni. Akainua macho, akaona kiwingu cheusi kinatoka kwenye bomba refu la kituo cha umeme, kinajikunja, halafu kinaanza kushuka taratibu kama mgeni asiye na haraka na mtu. Kinakuja kwao. Na pale kwenye kamba, kutoka ukuta wa bafu mpaka nguzo ya lango, mashuka meupe ya kliniki ya wazazi yalikuwa yanacheza na upepo, hayana habari.

Mama yake akachomoka jikoni, kiatu mguu mmoja. Wakaanza kuanua kama watu wanaookoa watoto kwenye mafuriko. Vibanio vinaruka huku na huku. Lakini masizi hayana breki, jamani. Yalishatua. Vidoa vidogo vyeusi, vina mafuta mafuta, ukivigusa tu vinajivuta kama wino.

"Usifute!" mama akapiga kelele. "Usifute kwa mkono, we mtoto! Kung'uta! Masizi hayafutwi, yanakung'utwa!"

Wakakung'uta. Yakatoka nusu. Nusu yakakaa.

Huyu mama mtaa mzima unamwita Mama Buluu, kwa sababu ya ile buluu ya unga anayotia kwenye maji ya mwisho. Nguo nyeupe ikipita kwenye beseni lake inarudi inakuumiza macho. Ukitaka kanzu ya harusi, gauni la ubatizo, koti la daktari, ni kwake. Lakini siku hiyo alikuwa ameshika shuka lenye madoa kama mayai ya kanga, anatazama bomba.

"Mbona hakijalia?" akasema. "King'ora mbona hakijalia?"

Hapo ndipo kwenye shida yenyewe. Ukikaa nyuma ya ukuta wa kituo cha umeme unajifunza tabia zake kama unavyojifunza tabia za mume. Boila lao la kuchemshia maji likiziba kwa masizi, wanalipuliza, na masizi yote yanatoka juu kwa mkupuo. Hakuna saa maalumu. Linaweza kupulizwa asubuhi, linaweza kupulizwa mchana, likiziba ndipo wanapuliza. Lakini kabla ya kupuliza, siku zote, king'ora kinalia. Kirefu, kibaya, kama ng'ombe amekanyagwa mkia. Na kikilia tu, mtaa mzima unajua. Nguo zinaanuliwa, sufuria zinafunikwa, mapipa ya maji yanafunikwa, madirisha yanafungwa. Wanakaa ndani, masizi yanaanguka, wanatoka, maisha yanaendelea. Hakuna aliyewafundisha na hakuna aliyepanga. Walizoea tu.

Sasa masizi yamekuja kimya kimya, kama mwizi.

"Wiki iliyopita pia hakikulia," binti akasema polepole, akiokota vibanio.

Mama akaendelea kukung'uta. Wiki iliyopita, mashuka yalipochafuka mara ya kwanza, alikuwa amekwenda sokoni. Aliporudi alimfokea binti mbele ya majirani: umelala, unachezea simu, masikio umeweka wapi. Binti aliapa king'ora hakikulia. Nani amsikilize?

Mlangoni, kwenye kiti chake cha kamba, bibi mzaa baba alikuwa anachambua mchele. Alipandisha miwani yake, ile iliyofungwa uzi mweusi kwa nyuma isidondoke, akayatazama mashuka, akarudi kwenye mchele wake.

Gari la kliniki lilifika kabla hawajamaliza kukung'uta. Kwa kawaida huja dereva peke yake. Safari hii aliteremka msimamizi wa wodi mwenyewe, mama mfupi mwenye saa imening'inia kifuani na viatu visivyotoa sauti.

"Hodi wenyewe."

"Karibu, karibu dada," Mama Buluu akasema, akijaribu kusimama mbele ya kamba. Lakini mashuka hayafichwi kwa kiuno cha mtu mmoja.

Msimamizi akapita pembeni yake, akashika pindo la shuka, akaligeuza. Akashika la pili. Akatoa miwani mfukoni, akavaa, halafu akaivua.

"Mama Buluu. Hii mara ya pili."

"Ni kituo, dada. Wamepuliza bila…"

"Wiki iliyopita uliniambia binti amechelewa kuanua. Leo ni kituo. Wiki ijayo ni nani, mwezi?" Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu aliyechoka. "Mtoto anazaliwa, bado hajafungua hata macho, namfunga kwenye shuka la namna hii? Mama yake si ataniuliza kama tumemchoma kwanza?"

Dereva akacheka kidogo, akatazamwa, akaacha.

"Yafue tena," msimamizi akaendelea. "Nina ya akiba mpaka kesho mchana. Kesho kabla ya adhuhuri napita mwenyewe. Yakiwa safi, tuendelee. Yakiwa hivi…" Akavuta pumzi. "Wale wenye mashine wa mjini wameshanipa bei zao. Wanakausha ndani kwa ndani. Hawana habari na upepo wala bomba. Mimi nakutetea kule ofisini, lakini nitakutetea kwa madoa?"

Akaondoka. Gari likateleza kwenye kona. Mama Buluu akabaki amesimama na kibanio mkononi, anakibana na kukibandua, anakibana na kukibandua.

Wateja wengine walikuwepo, sawa. Wa kanzu moja, wa pazia mbili, wa "nitakupa mwisho wa mwezi". Kliniki ndiyo iliyokuwa inalipa kodi ya nyumba. Bila kliniki, beseni zote zile ni mapambo.

Mumewe, fundi baiskeli, alikuwa anaziba pancha barazani. Akasema bila kuinua kichwa:

"Nenda kawaulize."

"Nani?"

"Wenye bomba. Si wana ofisi pale getini? Wameandika kabisa, Ujirani Mwema. Basi kaujaribu."

"Wataniambia nini mimi, mfua nguo?"

"Wakikuambia hakuna kitu, utakuwa umesikia kwao, si kwangu."

Mama Buluu akavaa khanga safi, akakunja shuka moja lenye madoa, akaliweka kwapani, akatoka.

Mlinzi wa geti alimtazama kuanzia khanga mpaka kandambili.

"Una miadi, mama?"

"Nina masizi."

"Masizi hayana ofisi hapa. Wa kuuza vyakula mlango wa nyuma."

"Siuzi chakula. Nataka hawa wa ujirani mwema."

Akaambiwa asubiri. Hakuna kiti, akasimama juani. Akaandikwa jina, akapewa kitambulisho cha plastiki cha kuvaa shingoni, MGENI. Miaka yote anaishi hatua chache kutoka ukuta ule, anasikia wakikohoa, anajua zamu gani inacheka na zamu gani inagombana, leo ni mgeni. Akakivaa. Atafanyaje?

Afisa ujirani alikuwa kijana mtanashati, ana meno mazuri na haraka ya kuyaonyesha. Alimpa kiti, akampa maji, akamwamkia vizuri kabisa. Si mtu mbaya, tuseme ukweli. Ofisi yake ilijaa picha: anakabidhi madawati, anapanda mti, anakata utepe wa kisima.

"Niambie mama yangu, tukusaidie nini?"

Mama Buluu akalitandaza shuka juu ya meza. Kijana akavuta chai yake pembeni haraka.

"Mmepuliza leo, king'ora hakijalia. Wiki iliyopita pia. Kimeharibika? Kama kimeharibika niambieni, nijue."

Uso wa kijana ukang'aa.

"Aaa! Hapana mama, hakijaharibika. Tumekizima! Kwa ajili yenu!"

"Kwa ajili yetu?"

"Tulifanya mkutano na majirani, pale uwanjani. Hukuja? Tukawaambia, semeni kero zenu bila woga. Watu wakawa wanaona haya, wanatazamana. Mara akasimama bibi mmoja." Kijana akasimama na yeye, akainama, akashika mkongojo wa hewa. "Mfupi hivi, miwani ameifunga uzi mweusi nyuma ya kichwa. Akasema, 'Wanangu, umeme wenu nausikia tu kwa majina, lakini king'ora chenu nakisikia kwenye mifupa. Kila nikisinzia mnaniita, na nikifika hakuna aliyeniita.' Weee! Watu walicheka, wakapiga makofi mpaka meneja akasimama. Akasema hapo hapo, king'ora kifungwe. Na kimefungwa. Hilo ndilo jambo letu kubwa mwaka huu, mama."

Mama Buluu alihisi masikio yanapata moto. Akalitazama shuka. Angesemaje? Kwamba uzi ule mweusi aliukata yeye mwenyewe kwenye kibweta chake cha nyuzi? Kwamba aliyepigiwa makofi ni mama mkwe wake, na saa hii anachambua mchele? Akajikohoza.

"Alisema vizuri," akajibu.

"Sana! Sasa kwa usumbufu huu," kijana akafungua kabati, "chukua hii fulana, na kofia, na kalenda."

Fulana ilikuwa nyeupe pee.

"Nyeupe?" Mama Buluu akauliza. "Mwanangu, unaniongezea kazi?"

Kijana akacheka, halafu akaona mwenzake hacheki, akairudisha fulana kabatini taratibu.

"Sitaki zawadi," mama akasema. "Sitaki hata mniwashie hicho king'ora, kama kinawasumbua wazee. Nataka kitu kimoja. Nijue mnapuliza lini. Basi. Yupo mtu anayepuliza, au linajipuliza lenyewe?"

Swali hilo hakuwahi kuulizwa kwenye mkutano wowote. Kijana akakuna kichwa, akapiga simu. Baada ya muda akaingia mwanamume mkubwa, ovaroli ya bluu, kofia ngumu mkononi, ana alama nyekundu ya kofia kwenye paji la uso na simu ya upepo kiunoni inakoroma. Mkuu wa zamu. Akalitazama shuka hata kabla ya kutazama watu.

"La kwetu hilo," akasema. "Mafuta mazito hayo. Pole sana, shemeji."

Akaelezwa. Akasikiliza huku anakaza macho kama mtu anayesikia mlio mbaya kwenye mashine.

"Ngoja. Nyinyi mlikuwa mnakisikiliza kile king'ora?"

"Mtaa mzima."

"Lakini kile kilikuwa cha kwetu. Cha watu wa ndani, wasikae karibu na bomba. Siku hizi tunaambiana kwa hizi simu, kwa hiyo walipotuambia tukizime tukaona sawa tu, hakina kazi." Akalitazama tena shuka. "Hatukujua kama huko nje kuna mtu anasikiliza."

"Nje tupo wengi kuliko ndani," Mama Buluu akasema.

Afisa akaanza kusema kwamba jambo hilo linaweza kuingizwa kwenye mpango, kwamba kuna utaratibu, kwamba meneja akirudi safari. Mkuu wa zamu akawa anamtazama mama.

"Kesho asubuhi niko zamuni," akasema. "Nitaona."

"Utaona nini?"

"Sijui bado. Nitaona."

Nyumbani binti alikuwa ameshachemsha maji pipa zima. Macho mekundu kwa moshi. Mama Buluu akavua khanga nzuri, akapandisha mikono, wakaanza: kuloweka, kusuuza, sabuni, kusuuza, tena sabuni. Doa moja moja, kwa kidole gumba. Walipofika shuka la tatu au la nne mama akasema, bila kugeuka:

"King'ora wamekizima. Tangu wiki iliyopita."

Binti akaendelea kukamua.

"Kwa hiyo ulisema kweli."

"Ndiyo, mama."

"Nilikufokea mbele za watu. Kesho nitakusafisha mbele ya hao hao."

"Acha bwana, mama. Utanitia aibu mara mbili." Wakacheka wote, kidogo, kicheko cha watu wenye mikono ndani ya maji.

Bibi hakuwa kiziwi. Pale mlangoni alikuwa ameacha kusuka ukili wa mkeka.

"Nani amekizima?" akauliza.

Mama Buluu akasita. Mama mkwe hasemwi, anazungukwa. "Wamesema majirani waliomba, mama. Kwenye mkutano."

"Majirani gani?"

Fundi baiskeli akaanza kujaza upepo kwenye tairi lililojaa tayari.

"Sema tu, mwanangu," bibi akasema. "Ni mimi."

"Mama, hukujua…"

"Sikujua! Nakaa humu ndani, nawaona mnakimbia kuanua, nadhani mmeona mawingu. Nikasema hawa watoto wana macho ya mvua." Akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa nguo, ikazidi ukungu. "Na nikuambie ukweli. Hata ningejua, sijui kama ningenyamaza. Nilisimama pale miguu inatetemeka, nikasema kineno changu, watu wakapiga makofi. Tangu baba yao aondoke, nani amenisikiliza mimi? Mkubwa mzima mwenye tai akasema, 'Bibi, tumekusikia.' Nililala vizuri siku ile."

Mama Buluu akakausha mikono, akaenda kummiminia mama mkwe chai, akaiweka karibu na mkono wake, akarudi kwenye beseni.

Asubuhi kamba zilijaa tena. Mashuka meupe mpaka yanaelekea ubuluu. Jua lilikuwa la uvivu, limejifunika. Mama Buluu alikuwa anapita kati ya kamba, anapapasa pindo, pindo ndilo hukauka mwisho. Kila baada ya muda anatazama bomba. Bomba linatoa moshi mwembamba, wa kawaida. Binti amewekwa juu ya ngazi ya baba yake, macho hayatoki pale juu.

"Ukiona jeusi, piga kelele."

"Nikiona jeusi tumeshachelewa, mama."

Ndivyo ilivyokuwa.

Kisha pale uchochoroni zikasikika buti. Nzito, hazijazoea kokoto za watu wa chini. Lango likagongwa.

"Hodi!"

Mkuu wa zamu, na ovaroli yake, na kofia yake ngumu. Bila kijana wa picha. Jirani wa pili akachungulia juu ya ukuta, wa tatu naye akatoka.

"Karibu," Mama Buluu akasema.

"Boila limeziba. Tunataka kupuliza." Akatazama kamba, kutoka bafu mpaka langoni. "Haya bado mabichi?"

"Mapindo. Na haya ya mwisho nimeyaanika sasa hivi."

"Ukiyaanua?"

"Nikiyarundika mabichi yatanuka. Kliniki inapita kabla ya adhuhuri, na wanayataka makavu, yamepigwa pasi." Akaligeukia bomba. "Boila likingoja linakufa?"

Mkuu wa zamu akafikiri, akili iko kule ndani, kwenye vipimo vyake.

"Halifi. Linanung'unika tu. Mpaka adhuhuri litavumilia. Zaidi ya hapo, hapana, shemeji, nisikudanganye." Akatoa simu ya upepo, akabonyeza. "Chumba cha mitambo, mnanisikia? Msipulize."

Ikakoroma. "Kuna tatizo gani, mkuu?"

"Jirani ana mashuka mabichi."

Halafu: "Rudia, mkuu?"

"Mashuka! Ya wazazi! Ngojeni mpaka niseme."

Mtaa ukaangua kicheko. Yule jirani wa ukutani akauliza kama boila lingeweza kungojea na suruali zake. "Zako hata zikipata masizi nani atajua?" akajibiwa na mkewe.

Bibi akasukuma kiti chake cha kamba mbele. "Kaa, baba. Mtu hasimami kwa watu kama nguzo. Mletee chai, mjukuu wangu."

Akakaa. Kiti kikalia. Akanywa chai huku kofia imekaa gotini, na bibi pembeni yake anaitazama ile simu ya upepo. Pasi ya mkaa ikawashwa, meza ikatandikwa, binti akawa anapokea makavu na kunyoosha, mama anapapasa, anaanua, anapapasa.

Simu ikakoroma. "Mkuu, vipi huko?"

Mkuu wa zamu alikuwa na chapati mdomoni. Bibi akanyoosha mkono. "Nipe. Inabonyezwa wapi?"

"Hapo pembeni, bibi. Ukimaliza kusema unaachia."

Bibi akaisogeza karibu na mdomo kwa mikono miwili.

"Wanangu," akasema, "hamjambo huko ndani?"

Pale kwenye chumba cha mitambo, katikati ya saa na taa na vitufe, watu wakatazamana.

"Hatujambo… shikamoo."

"Marahaba. Bado mashuka manne. Tulieni."

Wakatulia.

Gari la kliniki lilipofika, la mwisho lilikuwa juu ya meza, lina joto la pasi. Msimamizi wa wodi akamkuta mtu wa ovaroli anakunywa chai ya pili, akashangaa. Akavaa miwani. Akageuza pindo la kwanza, la katikati, la chini kabisa ya rundo, maana anajua watu wanaficha wapi. Akanusa. Akaivua miwani.

"Pakia," akamwambia dereva. Halafu kwa Mama Buluu, kwa sauti ya chini: "Na machafu mengine yamo kwenye gari. Keshokutwa?"

"Keshokutwa."

"Na huyo nani?" Akaonyesha kwa kidevu.

"Jirani," Mama Buluu akasema.

Mkuu wa zamu akasimama, akavaa kofia, akasema kwamba kesho zamu si yake, ni ya mwenzake, mtu mzuri lakini mvivu wa kutembea. Mama Buluu akamwambia mwelekeze njia, asipoijua tutamfuata sisi, na kitambulisho cha mgeni tunacho. Kweli, alikuwa amesahau kukirudisha. Mkuu akakitazama kilivyoning'inia kwa kibanio kwenye kamba, akasema kaa nacho.

Kisha akamgeukia bibi, aliyekuwa bado hajaachia simu.

"Haya, bibi. Wanakungoja wewe."

Mama Buluu akapita haraka, akafunika pipa. Binti akafunga dirisha. Kule na kule mtaani mifuniko ikasikika ikigonga sufuria, milango ikarudishwa, fundi baiskeli akaingiza gurudumu la mteja ndani. Bibi akangoja mpaka kelele zote zikaisha. Hakuwa na haraka hata kidogo. Akabonyeza.

"Tumeingia ndani wote," akasema. "Pulizeni."